Joto Lisilo na Moshi

Daktari alitoa masharti mawili kuhusu kifua cha baba: asipigwe na baridi, na asikae kwenye moshi. Aliyatamka kwa upole, kama mtu anayeomba radhi, kwa sababu na yeye anaishi Njombe na anajua anachokiomba. Kwetu ukikimbia kimoja unaangukia kwenye kingine. Kuanzia Juni ukungu unashuka mpaka vizingitini, viazi vya vinyungu, bustani zetu za bondeni, vinaamka majani yake yameungua kwa umande ulioganda, na joto tunalolijua ni la kuni au la mkaa wa miti ya miwati. Baba alikuwa ameota moto huo maisha yake yote. Moshi uliomkuza ndio uliokuwa umemla mapafu.

Nilimtoa kijijini nikamleta kwangu, kwenye nyumba ndogo nje kidogo ya mji. Mke wangu alikuwa masomoni Iringa, mimi nafundisha fizikia shule ya sekondari, na nilikuwa na hofu moja tu, mzee atauvukaje msimu ule wa baridi. Kilichonipa matumaini kilikuwa kinanguruma chumba cha pili.

Hapo naomba univumilie nirudi nyuma kidogo, maana bila maelezo haya utaniona mwendawazimu. Miezi kadhaa kabla ya baba kuja, mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani, "Mwalimu, hiyo bitcoin inachimbwa wapi, Chunya kwenye dhahabu?" Darasa likacheka, nami nikacheka, lakini nilirudi nyumbani nimeudhika kwa sababu sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma. Nikisoma jambo huwa siridhiki mpaka nilishike kwa mikono, na ndivyo nilivyojikuta Makambako, kwenye kibanda cha fundi simu aliyekuwa na mashine iliyotumika, akitaka kuiondoa machoni pake.

"Mwalimu, hii siyo redio," aliniambia. "Inanguruma kama mashine ya kusaga."

"Nitaizoea."

"Na mama watoto?"

"Yuko Iringa."

"Basi chukua leo leo, kabla hajamaliza masomo."

Ilikuwa kasha la chuma lenye ukubwa wa ndoo iliyolazwa, feni mbele na feni nyuma. Kazi yake naweza kuieleza kwa kufuli. Fikiria kufuli la namba, lenye namba nyingi mno, limewekwa hadharani, na atakayelifungua anapewa zawadi. Akili haisaidii. Kinachosaidia ni kujaribu, na kujaribu tena. Mashine duniani kote zinajaribu kwa pamoja. Moja ikibahatisha, mwenye nayo anapewa bitcoin, pesa ya mtandaoni, na kufuli jipya linafungwa. Kujaribu huko ndiko kunakofanya kumbukumbu za malipo ya watu wote ziwe ngumu kuchezewa. Mtu mwenye mashine moja akijaribu peke yake ni kama anayetaka kujaza pipa kwa umande, kwa hiyo nilijiunga mtandaoni na kundi la wachimbaji wanaounganisha nguvu na kugawana makombo.

Nilianza vibaya, kama wanavyoanza wengi. Nilichomeka mashine kwenye waya wa kuunganishia wa kawaida, ule wa kupigia pasi, na waya ukalainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikajifunza kutumia waya mnene. Intaneti ya simu ilikatika kila mvua iliponyesha, nikajifunza kuinua simu dirishani. Makombo ya kwanza yalipoingia nilicheka peke yangu sebuleni, ingawa yasingetosha kununua hata soda. Kama nawe unasita kuanza kitu usichokijua, usiogope kuonekana mjinga. Ujinga wa mwanzo unapona upesi.

Lakini kitu kilichonishangaza kuliko makombo kilikuwa joto. Umeme wote unaoingia kwenye mashine ile unatoka ukiwa joto, kama ambavyo ungetoka kwenye hita. Hita inakula uniti za umeme na hairudishi chochote. Mashine ilikula uniti zile zile na kurudisha sehemu yake. Chumba cha pili kilikuwa kikavu, chenye joto la mchana wa Morogoro, na hakikuwa na hata harufu ya moshi.

Nikamhamishia baba humo. Nilijenga boksi la mbao lililopitisha hewa ya moto kuelekea kitandani na kupunguza kelele kidogo. Siku ya kwanza mzee aliitazama mashine. Siku ya pili alivua kofia ya sufu. Kabla ya wiki kuisha alikuwa akikaa kitandani bila koti, akikohoa mara chache, akiniuliza kama nimeilisha.

Shangazi, mdogo wake baba, alikuja kutoka Uwemba kunisaidia kumuuguza. Aliolewa huko kwenye familia ya Wakatoliki, na tangu hapo kaka yake Mlutheri hakuwahi kukosa la kumwambia. Aliingia na kapu lake, akasimama mlangoni, akasalimia kikwetu.

"Kamwene. Kaka, mbona nyumba inavuma?"

"Mwanao amefuga nyuki wa chuma."

"Asali iko wapi?"

"Anasema iko kwenye simu."

"Basi mwambie ainywe kwenye simu," alisema shangazi, lakini alikuwa ameshanyoosha viganja kwenye ile hewa, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyefika jikoni kwao.

Mchana wazee wa jirani walikuja kumjulia hali baba, na nadhani walikuja pia kuota. Walikaa kwenye vigoda wameelekeza magoti kwenye boksi, kama watu wanavyozunguka mafiga, wakizungumza bei ya viazi kwa sauti kubwa ili wasikilizane. Mmoja aliuliza kama anaweza kuchoma hindi. Julai ilikuwa imeanza, na nilianza kuamini kwamba tumeushinda msimu.

Siku ya Jumapili iliyoharibu kila kitu nilitangulia kanisani kwa sababu ya mazoezi ya kwaya. Shangazi alibaki amwogeshe baba, ampe chai, kisha aende Misa. Kabla ya kutoka alifanya ambalo mama yake alimfundisha, na ambalo kila mwanamke wa nyanda hizi hulifanya akiuacha moto bila mtu. Moto wa kuni hauachwi ukiwaka hovyo. Unafukiwa. Unavuta majivu juu ya makaa, joto linajikunja ndani, na ukirudi unapuliza, unauamsha. Mashine haikuwa na majivu. Shangazi alichukua blanketi zito la miguuni mwa kaka yake, akalifunika boksi lote, mbele na nyuma, akalibana pembeni lisianguke. Kelele ikapungua. Baba akapata usingizi. Shangazi akaenda kuomba.

Mashine inayovuta hewa baridi na kusukuma ya moto, ukiiziba, inavuta moto wake yenyewe. Inatakiwa ijizime. Ile ya kwangu ilikuwa kuukuu, na sehemu ya kuizima ilikuwa imekufa zamani bila mimi kujua.

Nilimkuta baba nje, amekaa kwenye jiwe la kufulia nguo, kwenye manyunyu, miguu mitupu. Blanketi lilikuwa chini mbele yake, katikati limekuwa jeusi na linafuka. Alikuwa ameamka akinusa, akalivuta, akaishusha breka ya umeme ukutani, akatoka. Sijui alitumia nguvu gani. Mtu huyo alikuwa anashikiliwa kwenda chooni.

"Nyuki wako wamekufa, Mwalimu," alisema. Meno yalikuwa yanagongana.

Ukuta nyuma ya boksi ulikuwa mweusi mpaka darini, na waya ulikuwa umeungua ndani ya plasta. Jirani anayejua umeme alikata umeme wa nyumba nzima, akasema tusiguse chochote mpaka nyaya zitolewe na kupitishwa upya. Shangazi aliporudi kutoka Misa alisimama katikati ya chumba, rozari ikiwa bado mkononi.

"Imekuwaje?"

"Imezeeka," alisema baba kutoka kitandani, akiwa ndani ya makoti mawili. "Kama mimi."

Shangazi alitazama blanketi. Baba akaongeza upesi kwamba cheche ziliruka zikalipata, na kwamba bahati nzuri aliamka. Shangazi akaamini, au alitaka kuamini. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akaenda kuchemsha maji.

Fundi wa nyaya alisema anakuja kesho, na kesho yake ikazaa kesho nyingine. Hita ya umeme ilikuwepo dukani mjini, ila tusingekuwa na pa kuichomeka. Majirani walimkaribisha baba kwa moyo mmoja, na kila nyumba iliyomkaribisha ilikuwa na moshi. Tulimfunika nguo zote tulizokuwa nazo. Kikohozi kilirudi, kwanza asubuhi, kisha muda wote.

Niliipeleka mashine Makambako nikitumaini inaweza kufufuliwa. Fundi simu aliifungua, akainama, akanitazama.

"Mwalimu, hii umeipika. Uliifunika?"

"Hapana."

Alichomoa kitu kwenye feni kwa kibano, akakiweka kiganjani mwangu. Ulikuwa uzi wa sufu ya kijani, umejiviringa na kuungua nchani. Blanketi la baba lilikuwa la kijani. Nilikaa kwenye benchi lake nikiyatazama malori ya barabara kuu, na nikaelewa mpangilio wote, Misa, majivu, blanketi, kama ninavyoelewa swali la mtihani nililolitunga mwenyewe.

Niliporudi jioni nilikutana na harufu ya mkaa mlangoni. Shangazi alikuwa ameacha jiko nje mpaka mkaa ukaiva vizuri na moshi ukaisha, ndipo akaliingiza. Alikuwa ameacha na dirisha wazi kidogo. Lakini mkaa ulioiva una hewa yake mbaya, isiyoonekana wala kunusika vizuri, na kifua cha baba kilikuwa tayari hakina nafasi.

"Nimeliomba mwenyewe," alisema baba kabla sijafungua mdomo. "Usimgombeze dada yangu."

Nililitoa jiko nje. Nilirudi nikakaa kitandani, na nadhani mkono wangu ulikuwa unauchezea ule uzi, kwa sababu aliuona. Shangazi alikuwa uani anatwanga.

"Weka hiyo mfukoni," alisema.

"Ulijua, baba?"

"Nani alilitoa blanketi, si mimi? Lilikuwa limebanwa kama kitanda cha hospitali." Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akanishika kifundo cha mkono. "Wewe unapenda kueleza. Hili usimweleze."

Tulimpeleka hospitali asubuhi yake. Homa ya mapafu, walisema, juu ya mapafu yaliyokuwa yamechoka miaka mingi. Walifanya walichoweza kufanya. Alikufa wakati fundi wa nyaya yuko kwangu anachimba plasta, amekuja hatimaye.

Tulimzika kijijini, kwenye ukungu, waombolezaji wakiwa wamezunguka magogo yanayowaka, watu wote wakinuka moshi nguoni. Nilisimama nikaeleza ugonjwa wa marehemu kama inavyotakiwa, tangu ulipoanza mpaka mwisho. Nilisema mapafu, moshi wa miaka mingi, baridi ya Julai. Yote yalikuwa kweli. Wazee walitikisa vichwa, wakaridhika.

Baada ya matanga ndugu wachache walikuja kwangu kuosha vyombo na kufunga mizigo. Shangazi alinikuta chumba cha pili. Ukuta ulikuwa na mstari mpya wa plasta mbichi, na juu yake weusi ambao sikuwa nimeupaka rangi. Alikaa kwenye kitanda kisicho na godoro.

"Nieleze ile mashine ilivyokuwa inafanya kazi," alisema. "Nieleze kama unavyowaeleza watoto wa shule. Kwenye maziko ulieleza mengi, mashine hukuitaja."

Nilijua anachouliza. Nilifikiria kusema imezeeka, kama alivyosema baba. Lakini mwanamke huyu alikuwa na siku nyingi mbele yake za kukaa kimya Uwemba akilizungusha jambo hilo kichwani bila mtu wa kumjibu, na nikaona hilo ni ukatili mkubwa zaidi. Nikamweleza. Nilianza na feni ya mbele, hewa baridi inapoingia, nikaenda polepole mpaka feni ya nyuma. Nilimwambia kwamba sehemu ya kujizima ilikuwa mbovu nilipoinunua, na kwamba sikumwonyesha yeye, wala mtu yeyote, jinsi ya kuishi nayo. Nilimwambia alichosema daktari kuhusu mapafu, kwamba yangeweza kushindwa hata bila hayo.

"Kwa hiyo haifukiwi," alisema nilipomaliza.

"Haifukiwi, shangazi."

"Nilidhani nautunza." Alinyoosha kitambaa chake magotini. "Na kaka alijua?"

"Alijua. Alinikataza nisikwambie."

Nje sufuria ziligongana, mtu akacheka, akakatisha kicheko chake.

"Siku zote zile," alisema. "Akanywa uji wangu kila asubuhi, akinitania kwamba Wakatoliki wanabana sukari."

Binamu yangu alichungulia dirishani akauliza chumvi imewekwa wapi. Shangazi alimjibu kwamba iko kwenye kopo la bluu, nyuma ya unga, kwa sauti yake ile ile ya siku zote. Binamu akaondoka. Shangazi hakuinuka, nami nikakaa pembeni yake kwenye chaga za kitanda mpaka chumba kikawa baridi kabisa.