Kifundo cha Mwalimu Breki

Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Mji mzima unamwita Mwalimu Breki, na usidhani ni jina la kumsifu. Gari lake la kufundishia lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya kwake pale upande wa abiria. Ile ya mwanafunzi wangeweza kuing'oa na asijue mtu, maana hakuna aliyewahi kuachiwa nafasi ya kuikanyaga. Mimi mwenyewe alinifundisha siku moja tu, miaka ishirini na miwili iliyopita. Kutoka getini kwetu hadi njia panda alinifungia breki mara kumi na saba. Nikashuka, nikarudi nyumbani kwa miguu, ndoa ikapona.

Sasa, kifundo kilichofanya kazi yote hiyo ni cha mguu wa kulia. Mwaka mmoja mwanafunzi wake, karani mpole kabisa, aliliparamisha gari kwenye ukuta wa posta. Mwalimu alikanyaga kwa nguvu zake zote, kifundo kikavunjika. Kiliunga, lakini ndani kwa ndani kikaanza kulika. Ikafika mahali anashuka kitandani asubuhi akiwaita marehemu wote wa ukoo wake, mmoja mmoja.

Daktari wa mifupa akatuonyesha picha.

"Gegedu, ule utelezi wa kati ya mifupa, umelika. Mfupa unasaga mfupa. Tunaweza kuiunganisha iwe kitu kimoja. Maumivu yatapungua, ila kifundo hakitakunjika tena."

"Na breki nitakanyagaje?"

Daktari akatikisa kichwa. Nilimwona mume wangu akinywea kwenye kiti, mtu mzima na mabega yake yote, nikaumia. Ndipo daktari akasema kuna njia ya kukiokoa kiungo chenyewe: unakifunga kwenye fremu ya vyuma inayoiachanisha mifupa kidogo, kwa miezi mitatu, ili kipumzike na kipate nafasi ya kujirekebisha.

"Lakini siwezi kukuahidi kwamba..."

"Fanya," Mwalimu akasema.

Alitoka chumba cha upasuaji mguu umezungukwa na pete za chuma, pini zimepenya hadi mfupani. Ulifanana na tenga la kuku. Siku ya kuruhusiwa akauliza teksi iko wapi. Nikamwonyesha ufunguo wa gari la dada yangu.

"Nani anaendesha?"

"Mimi. Nina leseni, wiki ya pili leo."

"Nani kakufundisha?"

Nikamtaja: yule mwanafunzi wake wa zamani aliyefungua shule ya udereva ng'ambo ya barabara, mkabala na ya mume wangu.

"Kwa yule!"

"Kwa yule. Ananiacha nikanyage mwenyewe."

Miezi mitatu alikaa kiti cha nyuma, mguu kaunyoosha, akinifungia breki kwa mdomo. Mimi ni mwalimu wa chekechea, nimezoea watu wanaolia bila sababu. Nyumbani nikawa nasafisha pini kama nilivyoelekezwa, na suruali zake zote nikazipasua mguu mmoja nikatia vifungo.

Fremu ikatolewa, kifundo kimekaza kama mti. Hapo sasa ndipo mambo yalipoharibika. Binti wa mazoezi ya viungo alimwambia akikunje na kukinyoosha kifundo mara ishirini asubuhi, ishirini jioni. Daktari naye akaongeza kwamba baada ya wiki sita atakipima, na kikiwa kimekaza hivyo hivyo, basi tutarudi kwenye kuunganisha.

Kila asubuhi nikamsikia chumbani: "Kumi na nane... kumi na tisa... ishirini!" Nikajisemea huyu mtu ana bidii. Wiki ya pili nikachungulia. Mguu umelala juu ya mto, kimya. Kinachofanya mazoezi ni mdomo.

"Wewe mzee, huna haya?"

"Naogopa," akasema. "Nikikikunja kitavunjika tena."

Nilimwonea huruma, nikamkasirikia, nikamwonea huruma tena.

Jumatatu iliyofuata nilimkalisha kiti cha mbele kwa mara ya kwanza. Tunakata kona ya sokoni, pipa la taka hili hapa upande wake! "Breki!" akapiga kelele, na mguu wake wa kulia ukashuka sakafuni, puu! Halafu ukainuka wenyewe, na kifundo kikakunjika. Nikamtazama usoni. Wala hakujua alichofanya, alikuwa na shughuli ya kunitukana.

Kesho yake nikamwambia twende tukanunue sabuni. Duka liko mtaa wa pili, sisi tulipita mitaa kumi na miwili. Nilizisogelea nguzo, mikokoteni, kuta za watu. Puu, puu, puu. Nilihesabu kimoyomoyo kama ninavyohesabu watoto wangu kabla ya kufunga geti: sitini! Akaapa kwamba leseni yangu niliiokota. Kila siku tukawa tunaishiwa sabuni. Wiki ya mwisho zulia la sakafuni upande wake likatoboka.

Siku ya kupimwa, daktari alimwambia akunje. Mume wangu akavua soksi. Kifundo kikapanda, kikashuka, kikapanda tena.

"Hapa hakuna cha kuunganisha," daktari akasema. "Ulifanya mazoezi?"

"Ishirini asubuhi, ishirini jioni," akajibu, mwongo wangu, machozi yanamtoka.

Kurudi nyumbani niliendesha kama ninavyojua kuendesha. Njia panda ya tatu akageuka.

"Mbona leo hujakosakosa hata nguzo moja?"

"Daktari si keshakupima?"

Akaliangalia lile tundu la zulia. Akalipima kwa ncha ya kiatu.

"Mama. Ulikuwa unafanya makusudi?"

"Sitini kwa siku. Jumamosi sabini."

Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akatulia, akapangusa macho na kunigeukia kwa ile sura yake ya kazini.

"Umefaulu," akasema.

Kuna watu wamelisubiri neno hilo kwake hadi wakahama mji. Mimi nimelisubiri miaka ishirini na miwili. Nikashika usukani kwa mikono yote miwili. Sikumwambia kwamba lile pipa la sokoni, kusema kweli, sikuliona kabisa.