Maneno ya Kambi ya Chai

Kiharusi kilipompiga baba, mwishoni mwa miaka ya sitini, kilichukua mkono wa kulia, mguu, na Kikisii chote. Kilimwachia Kiswahili cha kambi ya chai, kule Kericho, alikochuma majani kabla sijazaliwa. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha kuuzia ndizi sokoni Marani. Mkalimani nikawa mimi, kijana aliyemaliza kidato cha nne akarudi kulinda migomba. Nairobi nilikuwa nimefika mara moja. Siku ya tatu nilikuwa nyumbani, nikilalamika kwamba maji yao hayana ladha.

Maneno ya baba yalikuwa ya watu waliokwisha kuondoka. Kwenda kwa miguu ni kuchapa lapa. Kutoroka kazi ni kula kona. Msimamizi yeyote ni nyapara, hata mchungaji wetu, ambaye alipokuja na wazee wa kanisa kumwombea, baba alimtazama akasema, "Nyapara amekuja. Mwambie mimi leo nimekula kona." Nikatafsiri kwamba anawashukuru kwa kutembea mbali hivyo. Wazee wakasema amina. Mama aliutazama uso wa baba, kisha wangu.

Kwa hiyo alijua natia sukari. Na jambo alilotaka kwangu lilikuwa moja tu, kujua kama mumewe bado anamjua.

Jioni moja ya mvua alikuwa akimlisha uji. Baba akashika pindo la kitambaa chake cha kichwa kwa ule mkono mzima, akanigeukia.

"Boi, huyu ni memsabu yangu. Mwambie asiende jikoni. Alale hapa, kambi ni baridi."

Mama akauliza amesemaje. Nikamwambia, "Anakujua."

"Hilo ni lako. Yeye amesema maneno gani?"

Kwetu kuna chinsoni, heshima inayomfunga mtoto mdomo mbele ya mzazi. Mahali wazazi wanapolala hapapiti kwenye ulimi wa mwana wao. Cheti changu cha shule hakikuwa na msaada wowote hapo.

"Anasema anasikia baridi," nikasema.

Mama akaleta blanketi la pili, akamfunika mpaka kidevuni, akaenda kulala jikoni kama alivyofanya tangu mumewe augue. Nilibaki nimeshika bakuli la uji. Baba akanitazama kidogo, kisha akatazama ukuta. Alikufa kabla ya wimbi kuvunwa. Mazishini sikulia, na watu wakasema sasa nimekuwa mwanamume. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi.

Mjukuu hafungwi na chinsoni. Anaweza kumtania nyanya yake atakavyo, hata amwite mke mwenza. Lakini mjukuu hupatikana kwa mtu aliyeoa, na mimi hata kuoa nilingoja kuletewa nyumbani. Binti yangu alipofika umri wa kubeba maneno bila kuyamwaga njiani, vijana wa sokoni Nyakoe walikuwa wamevaa suruali za bugaluu na kusema vitu ambavyo mimi mwenyewe nilivihitajia mkalimani. Memsabu hakuna aliyemwita mtu tena. Nilimweleza mtoto kwamba ndivyo kambini walivyomwita mke wa bwana mkubwa, nikamfundisha yote kwa Kikisii nyuma ya zizi, mara tatu.

Mama alikuwa sebuleni akichambua maharagwe. Mtoto akasimama mbele yake akasema yote: siku ile ya uji babu alikuita memsabu wake, alitaka ulale pale pale, usiende jikoni. Mimi nilikuwa nje kando ya mlango, nikikagua paa ambalo halikuwa na ubaya wowote.

Mikono ya mama haikusimama. Nilisikia maharagwe yakianguka kwenye ungo, mabovu yakitupwa chini.

"Mwambie baba yako nimesikia," akasema.

Yakaanguka mengine.

"Nami nikampa blanketi."