Kanda ya Wazungu Wenye Hasira

Nimekanusha kwa muda mrefu, na kwa ufasaha, kwamba nililelewa na muziki wa roki. Chuo kikuu, wenzangu walipokuwa wakisimuliana nyimbo za utotoni mwao, mimi niliwaeleza ngoma za Wanyaturu, manyanga na vigelegele vya mavuno, nikapata sifa ya mtu mwenye mizizi. Baadaye nikaanza kuandika makala za utamaduni magazetini, na mizizi hiyo ikanilisha. Ukweli ni kwamba ngoma nilizozijua vizuri zilipigwa na Wazungu wenye nywele ndefu, kupitia redio kaseti yenye spika iliyotoboka, uani kwa Bibi, Itigi. Nakiri leo kwa sababu ya kikohozi.

Si changu. Ni kikohozi cha mpiga gitaa la besi mmoja wa ng'ambo, nami nililetewa habari zake na kundi la simu la wapenzi wa roki ya zamani. Nilijiunga na kundi hilo kwa kisingizio cha utafiti, na utafiti wenyewe haujazaa hata aya moja. Wengi wetu tuna umri wa kupima sukari na presha. Yupo mhasibu wa Dodoma, yupo afisa misitu mstaafu, yupo daktari wa meno wa hapa hapa Singida mjini ninapoishi. Kila albamu ya zamani inapotolewa upya, imesafishwa, imefungwa kwenye boksi pamoja na kitabu cha picha na nyimbo za ziada, kundi huchangamka kama ukoo uliopata mjukuu wa kwanza. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya ile albamu yenye picha ya kabati lililosimama katikati ya shamba.

"Jamani, ngoma ilikuwa inalia kushoto, sasa wameihamishia kulia," aliandika mhasibu. "Hii ni dhuluma."

"Nani alikutuma ununue toleo la Ulaya?" akajibu afisa misitu. "Wenye masikio tunasikiliza la Wajapani."

"Acheni ngoma," akaingilia daktari wa meno. "Nendeni kwenye bonasi. Kabla wimbo haujaanza, mpiga besi anakohoa, halafu anaomba chai. Anaomba chai, ndugu zangu! Miaka yote hii walitunyima."

Vikatuni vya moto na vya mikono iliyokunjwa kuomba vikamiminika. Mtu mzima, mwenye familia na leseni ya kung'oa meno, ameagiza boksi kutoka nje ya nchi ili asikie mtu asiyemjua akikohoa na kuomba chai. Ndani ya boksi hilo wimbo mmoja umo kwa kila hali: ukiwa mzima, ukiwa nusu, na mwimbaji akiwa amesahau maneno. Kwetu, mwimbaji akisahau maneno huzomewa akaketi. Wenzetu humtia kwenye boksi.

Hata hivyo niliisikiliza. Mtafiti lazima asikilize. Nilikuwa jikoni, nasonga ugali, simu iko juu ya friji. Muziki ulikuwa safi kama trei ya hospitali, kila kifaa kimewekwa peke yake, kinang'aa, hakigusani na chenzake. Wimbo wa mwisho ukaisha. Kukawa kimya. Nami nikajikuta nimesimama na mwiko hewani, nikisubiri kile ambacho huja baada ya pale.

Hakikuja. Kingekujaje? Kilikuwa cha Itigi.

Kanda yetu ya albamu hiyo ilitokana na Mjomba, mdogo wake mama, ambaye kazi yake relini ilikuwa kubadilisha njia za treni. Aliiazima kwa dereva wa treni, naye dereva aliipata kwa mtu ambaye hatukuambiwa, na kabla hajairudisha Mjomba aliipeleka kwa fundi kanda ili inakiliwe. Fundi huyo alikuwa na kibanda kando ya reli, mashine mbili zilizoungwa kwa waya, na betri ya gari iliyolala sakafuni kama mbwa wa nyumbani. Alikuwa na msimamo mmoja: hakurudisha kanda yenye nafasi tupu. Albamu ikiisha na utepe ungalipo, alijazia. Alijazia chochote kilichokuwa karibu. "Nafasi ni ya mteja," alikuwa akisema. "Nikiiacha wazi nimemwibia."

Ndiyo maana kanda ya kwaya ya karani wa stesheni iliishia katikati ya matangazo ya mpira, mchezaji yuko peke yake na golikipa, na hatukujua kamwe kama alifunga. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na kanda ya dansi iliyoishia na matangazo ya vifo. Kwenye sherehe zake watu walikuwa wakicheza, wakicheza, halafu wanasimama kwa heshima mpaka marehemu watajwe wote, ndipo kanda igeuzwe upande wa pili. Kwa hiyo ninapowaona wanaume wazima wakitokwa machozi kwa ajili ya bonasi, nawaona kama watu waliogundua chumvi juzi. Sisi bonasi tulikuwa nayo, na kila nyumba ilikuwa na yake.

Juu ya kanda ya Mjomba fundi aliandika kwa kalamu ya wino: WAZUNGU WENYE HASIRA. Jina halisi la bendi nililijua nikiwa chuo kikuu, tena nilijifanya silijali. Sisi watoto tulikuwa tumeshawatambua waimbaji kwa akili zetu. Wazungu pekee tuliowajua walikuwa mapadri wa misheni, basi tukakata shauri kwamba hao ndio wao, na kwamba jioni, ibada zikiisha, hujifungia na kugombana kwa magitaa. Mpiga ngoma tulimjua kuwa ni padri mnene aliyeendesha lori. Nilikuwa nikimwamkia kwa woga, nikijua anachoweza kufanya akikasirika.

Kanda ilipigwa jioni. Mchana betri zilianikwa kwenye ungo, juani, pembeni ya mlenda unaokauka, na ole wake kuku atakayezisogelea. Sisi wasichana tulipepeta uwele, makapi yakitunasa shingoni, huku mtu akipayuka kwa Kiingereza juu ya jambo lililomuumiza sana. Kulikuwa na masega ya asali tuliyotafuna mpaka nta ikawa kama ubani wa kubandika ukutani. Treni ilipopita, Mjomba alibonyeza kitufe na kuisimamisha kanda, akasimama wima, behewa la mwisho likiondoka ndipo akaruhusu Wazungu waendelee. Alikuwa mtumishi wa reli hata akiwa kifua wazi. Mpaka leo nikisikia wimbo ule wa tatu, mahali fulani katikati, mwili wangu husimama kupisha treni.

Bibi aliichukia kanda ile kwa moyo wote. Alikuwa akiuza asali stesheni, akiwanyooshea abiria chupa dirishani, na Jumapili aliwaongoza akina mama katika sala. Mambo ya kupayuka hayakumhusu. "Hawa watu wanapigwa?" aliuliza kila mara, kwa Kinyaturu, akitazama redio kama mtu anayefikiria kwenda kuwaokoa. Neno lake kubwa lilikuwa moja, nalo lilitufuata utoto mzima: "Zima, mnamaliza betri." Alilisema betri zikiwa mpya, alilisema zikiwa zimekufa.

Sasa, mwisho wa upande wa pili. Mzungu anapiga ukelele wake wa mwisho, kitu kinalia tak, halafu, bila gitaa, bila ngoma, sauti ya mwanamke inaimba wimbo wa kupura mtama. Kwa Kinyaturu. Nyuma yake, mbali kidogo, honi ya treni. Sisi hatukuona ajabu yoyote. Tulidhani mapadri wamechoka wakamkaribisha mtu.

"Bibi, ni nani huyo?" tuliuliza.

"Nitamjuaje mimi? Mashine imejaa watu."

Mjomba alikuwa akitazama angani kana kwamba anangoja mvua. Na kila mara, wimbo ulipokaribia ukingoni, Bibi alipaza sauti kutoka popote alipokuwa, jikoni, zizini, hata chooni: "Zima, mnamaliza betri!" Mjomba akazima. Katika utoto wangu wote sikuwahi kufika mwisho wa kanda ile.

Bibi alifariki nikiwa chuoni, nikiwasimulia watu habari za manyanga. Ameacha picha moja, na ndani yake amefumba mdomo. Nayakumbuka maneno yake yote, naweza kukutajia hapa mpaka uchoke, lakini sauti yenyewe ilinitoka, sijui siku gani. Msibani Mjomba alinipa kanda.

"Mjomba, ni yeye?" nilimuuliza.

"Muulize mwenyewe."

"Mjomba, tumemzika jana."

"Basi." Akaenda kusaidia kukunja maturubai.

Naye Mjomba sasa amelala kaburini Mitundu, na fundi kanda alihama hakuna ajuaye wapi. Mtu wa kuuliza amekwisha. Imebaki kanda, ambayo nimekuwa nikiisikiliza kimwizi miaka mingi. Wimbo nausikia, lakini sauti ya mtu akiimba si sauti yake akiongea, na sikuwahi kumsikia Bibi akiimba nje ya kanisa. Baada ya wimbo kuna mchakacho kama mchele unaopepetwa, na ndani ya mchakacho kuna kitu kama mtu anayenong'ona. Mara ya mwisho redio iliutafuna utepe karibu kabisa na pale. Nikaifunga kanda kwenye kanga, nikaogopa kuigusa tena.

Ndiyo maana, mwiko ungali mkononi, nilifanya nisichowahi kufanya. Niliandika kwenye kundi: "Toleo langu la Itigi linaishia na mama anayeimba Kinyaturu."

"Mama, hiyo ni feki," alijibu mhasibu.

"Bonasi ya Itigi!" akaandika afisa misitu. "Na Manyoni je, wana ya Kigogo?"

Walicheka siku nzima. Jioni daktari wa meno akaniandikia pembeni: "Usiwajali hao. Usiicheze tena hiyo kanda. Niletee." Kati ya watu wote ninaowadharau, yeye ndiye pekee mwenye mashine ya kusafishia kanda. Nikaenda.

Nyuma ya chumba cha kung'olea meno alikuwa na chumba kingine, chenye vyombo vingi kuliko cha mbele. Aliiinua kanda kwa vidole viwili.

"Hii ni nakala ya nakala ya nakala. Na hapa inanata. Ni nini?"

"Asali."

"Asali inafanya nini kwenye kanda?"

"Daktari, Itigi kila kitu kinanata asali."

Baada ya siku chache akanitumia kazi yake kwenye simu. Wazungu waling'aa. Hasira yao ilikuwa imeoshwa na kupigwa pasi. Ukelele wa mwisho ukapigwa. Kimya. Nikampigia.

"Daktari, mama yuko wapi?"

"Mama yupi?"

"Anayeimba."

"Aa, ile takataka ya mwisho? Niliiondoa. Haimo kwenye orodha rasmi ya albamu."

Nimewahi kutukanwa na wahariri, nikawajibu kwa adabu. Siku hiyo adabu ilinishinda. "Sikiliza, Daktari," nilimwambia. "Hao wanaume wako wamo kwenye maboksi dunia nzima, hawapotei hata ukitaka. Huyo mama yumo humo tu. Umempoteza?"

Nilisikia akifungua droo. "Kanda ninayo. Sijaikata, nilikata nakala."

"Basi safisha hapo penye takataka. Hao wengine waache na uchafu wao."

Nilipita Itigi juzijuzi. Kibanda cha fundi kanda sasa ni mahali pa kuchaji simu, na kijana wa pale hajui kanda ni nini. Alidhani namuulizia kanda ya michezo. Uani kwa Bibi kuna nyumba ya matofali yenye mageti. Albamu zote za dunia zimo kwenye simu ya yule kijana, zimesafishwa, na hakuna hata moja yenye honi ya treni. Hakuna anayezima chochote kwa ajili ya betri.

Jumamosi, nikichambua mlenda kizingitini, daktari akapiga.

"Mama, habari za asubuhi. Wimbo umetoka vizuri. Hata honi nimeiacha, niliogopa."

"Umefanya vema."

"Lakini baada ya wimbo kuna mtu anaongea. Mimi mtu wa Bukoba, sielewi. Nilitaka kukata, nikasema nikuulize kwanza."

"Cheza."

Akaisogeza simu kwenye spika. Ukaja ubeti wa mwisho, ule ambao juu yake nilikuwa nikisikia ukelele kutoka jikoni. Safari hii hakuna aliyepiga ukelele. Nikapita penye mchakacho, nikafika nisipowahi kufika. Mwanamke akavuta pumzi. Akakohoa. Halafu akamwambia fundi, kwa Kinyaturu, kwa ukali ule ule, juu ya betri ya mtu mwenyewe kibandani kwake: zima, unamaliza betri. Tak.

"Ndiyo hivyo tu," alisema daktari. "Anasema nini? Kipande hiki kina maana, au nikitoe?"

Mlenda ulikuwa umemwagika wote miguuni. Nilimfikiria yeye na boksi lake, na mpiga besi wake, na chai yake.

"Rudisha nyuma," nilimwambia. "Anzia kwenye kikohozi."