Wanga wa Kaka na Medali ya Binti Mgeni

Kaka yangu ni dobi. Wengi mtaani hawalijui jina alilopewa na wazazi wetu. Wanamwita Pasi, naye anaitika. Kazi hiyo alijifunzia hospitalini, kwenye chumba cha kufulia, enzi zile manesi walipokuwa wakivaa kofia nyeupe zilizosimama wima kichwani. Zilisimama kwa wanga, na mpishi wa wanga huo alikuwa yeye. Tangu hapo hakubali kwamba nguo imefuliwa kama haiwezi kusimama yenyewe.

Ni mtu mwema, Mungu anajua, ila kwa habari ya wanga haambiliki. Ametia wanga suruali za polisi, shela za maharusi, na leso ya hakimu mmoja mwenye mafua, ambaye alirudi siku ya pili pua imechubuka. Nyumbani alitia wanga mashuka. Wifi yangu alivumilia mwaka mzima. Akijigeuza kitandani, majirani wanasikia kama mtu anakunja gazeti. Mwisho akatandika mkeka chini akalala kwa amani. Kaka hakukasirika, alisema tu kwamba wifi hakuzoeshwa vitu vizuri.

Mimi nakaa naye dukani nashona vifungo vilivyong'oka, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu.

Mwaka huo mashindano ya dunia ya baiskeli ya vijana yalikuja mjini kwetu. Mashimo ya barabarani tuliyokuwa tumeyazoea kama jamaa yalizibwa kwa wiki moja. Nyumba ya wageni iliyo mkabala na duka letu ikapata timu ndogo kuliko zote: kocha mmoja, ambaye ni mama wa makamo, na binti wa miaka kumi na saba. Basi. Mizigo yao ilikuwa imepotelea kwenye ndege. Baiskeli ilifika, na nguo ya mashindano ilikuwa moja tu, ile aliyosafiri nayo binti kwenye begi la mkononi.

Ikatokea mashine ya kufulia ya pale ikafa. Kocha akavuka barabara na nguo mkononi, akiwa na dada wa mapokezi wa kumtafsiria. Ilikuwa nguo ya kubana, fulana na kaptura vimeshonwa pamoja, ukiivuta inavutika. Kocha akaeleza polepole: maji baridi, sabuni kidogo, ianikwe kivulini, isipigwe pasi hata kidogo. Kaka akaitikia kila neno kama mtu anayekula kiapo.

Asubuhi ya mashindano nilipofungua duka nikaikuta nguo imesimama juu ya meza, mikono imenyooka mbele, kama mteja anayesubiri kuhudumiwa.

"Kaka," nikamwambia, "si walikukataza?"

"Walinikataza pasi. Pasi sijaigusa. Wanga hakuna aliyeutaja."

Binti alipokuja aliigonga kifuani kwa kidole, ikalia ko. Akacheka mpaka akakaa chini. Kocha hakucheka. Alitaka kuichovya kwenye ndoo, lakini asubuhi ile ilikuwa na baridi ya kukaza misuli, na zilibaki dakika kumi na mbili. Ikabidi binti avalishwe hivyo hivyo. Mimi na kocha tulishika miguu ya kaptura, yeye akajisukuma ndani kidogo kidogo, kama mto mnene unaoingia kwenye foronya ndogo. Mungu anisamehe, nilicheka, ila kwa ndani.

Mbio zilikuwa za kuzunguka mji mara nne, na kila mzunguko ulipita mbele yetu. Yeye tulimsikia kabla hatujamwona, nguo inatoa mchakacho kama mfuko wa saruji. Wenzake wote wameinama, pua karibu na usukani. Yeye ameketi wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, maana tumbo la nguo lilikataa kukunjika. Mzunguko wa tatu jasho likaanza kuuyeyusha wanga, ukamshuka mapajani kwa michirizi myeupe, kama sufuria ya uji iliyofurika. Kaka alisimama mlangoni amefumbata mikono, ameridhika.

"Unaona mgongo ulivyonyooka?"

Alimaliza wa tatu. Alifikaje, anajua Mungu peke yake.

Ndipo kocha wa aliyekuwa wa nne akapeleka malalamiko. Alisema nguo ile imetengenezwa kwa kitu cha siri kinachokata upepo, na yale meupe miguuni ni kemikali. Mwamuzi mkuu, mwanamume mnene asiyetabasamu, akamgonga binti begani kama mtu anayebisha hodi mlangoni. Ikalia ko. Medali ya tatu ikazuiwa, binti akawekwa kwenye kiti cha plastiki ndani ya hema, watu wanamchungulia kama mwizi wa kuku.

Kocha akaja mbio na dada wa mapokezi kumchukua kaka, nami nikafuata na sufuria. Mwamuzi aliuliza kiwanda kilichotengeneza ile nguo kiko wapi. Kaka akamjibu kwamba kiko jikoni kwake, tena kina mafiga matatu. Akakoroga unga wa muhogo mbele yao, akaupika. Msaidizi wa mwamuzi alionja, akaandika kitu, akaonja tena. Hawakuridhika. Mwamuzi mkuu akavua shati lake, likachovywa, likaanikwa juani, nasi sote tukakaa tukilitazama shati likikauka, kimya kama kanisani.

Lilipokauka alilivaa, akapanda baiskeli. Alilizunguka hema mara moja na nusu. Kuinama alishindwa, kupinda mkono alishindwa, na breki ilikuwa mbali na vidole vyake. Akaingia kwenye viti vilivyopangwa. Walimwinua mzima mzima, kama kabati.

Akaomba karatasi, akaandika kwamba wanga huu haumsaidii mtu kwa chochote, bali unamzuia. Aliyeutengeneza aweke sahihi, na binti apewe medali yake. Bila sahihi, hakuna medali.

Dada wa mapokezi aliisoma kwa sauti ya chini. Kaka akaiweka kalamu mezani.

"Siandiki uongo mimi. Miaka thelathini na minane nawaambia watu wanga unasaidia. Huyu mtoto bila wanga angekuwa wa ishirini."

Mwamuzi akauliza amesema nini. Dada wa mapokezi akakohoa. Akakohoa tena, akaomba maji, akayanywa taratibu sana. Nilimshika kaka mkono, nikaanza kuomba kimoyomoyo, maana neno lile likitafsiriwa tu, binti kwisha.

Binti hakuelewa kitu. Aliona maji, akaja kwangu kwa ishara kuomba kitambaa kilicholowa, akaifungua nguo shingoni ajipoze. Shingo ilikuwa nyekundu pande zote, na mahali pawili ngozi ilikuwa imetoka.

Kaka akasogea. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hii imefanywa na kola?"

"Ni kola, kaka."

"Muulize kwa nini hakusema."

Dada akauliza. Binti akajibu bila kuinua macho, na dada akatafsiri: "Anasema alidhani huku kwenu ndivyo nguo zinavyofuliwa, babu. Hakutaka kukuvunjia heshima."

Kaka akaichukua kalamu. Akaweka sahihi, herufi moja moja, akaisukuma karatasi kwa mwamuzi bila kumtazama.

Medali zilikuwa zitolewe saa kumi. Kaka aliomba ile nguo. Nikamfunga binti shuka langu, kaka akaipeleka nguo bombani nyuma ya hema akaisuuza. Mara ya kwanza maji yalitoka meupe, mara ya pili meupe, hata ya sita yakatoka safi. Akaianika kivulini kama alivyoagizwa. Upepo ulipopita ilipepea huku na huku, haina mfupa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameipa mgongo.

"Imelegea?" akaniuliza.

"Imelegea, kaka."

"Basi mpelekee wewe. Mimi watu wasinione nimeshika nguo ya namna hiyo."