Laptop Chini ya Kanga

Mama mkwe aliniletea uji asubuhi akaniambia intaneti imefika kwetu. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kusema ng'ombe amezaa. Mimi nilikuwa ndani na mtoto wa wiki mbili. Kwa taratibu za familia ile, mwanamke aliyejifungua hakanyagi nyumba ya mtu mwingine mpaka siku zake ziishe, na watu wa nyumba nyingine hawaingii kwake. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekuwa anaingia. Kwa hiyo intaneti yenyewe niliiona dirishani tu, hatua kama thelathini, katika nyumba ya chini, kwa mke mwenzangu.

Nieleze vizuri hapo. Hatukuolewa na mwanaume mmoja. Yeye ni mke wa mdogo wake mume wangu, na kwetu wake wa ndugu tunaitana hivyo. Tena kijijini kwetu Daudi mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Mimi niliolewa kwanza, nikabeba maji ya watu wale miaka minne, nikajengewa vyumba viwili huku juu penye upepo. Yeye alikuja juzi kutoka Basotu na diploma yake ya kilimo, akaingia moja kwa moja kwenye nyumba yenye sebule. Ruta ikawekwa sebuleni. Hakuna aliyeniuliza.

Nilimwonea wivu, sitazunguka. Nilimwonea wivu sebule, nikamwonea wivu miguu yake iliyokuwa inakwenda popote inapotaka. Zaidi ya vyote nilimwonea wivu laptop yake, nyembamba kama sahani, anayoishika kwa mkono mmoja huku mwingine una kikombe cha chai.

Na mimi nilikuwa na laptop. Niliinunua kwa kitunguu saumu changu mwenyewe, kutoka kwa mwalimu aliyekuwa anahama. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, betri yake imekufa, bila waya wa umeme haiwaki, na herufi A imeng'oka, unabonyeza kile kimpira kilichobaki. Mke mwenzangu hakuwahi kuiona. Kila nikisikia ndala zake zinakuja dirishani nilikuwa naitupia kanga juu, nachukua mtoto, nakaa kama mtu asiye na kazi.

Lakini kazi nilikuwa nayo. Maombi ya chuo cha uuguzi yalikuwa yanafungwa kesho yake, Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimeyajaza nusu kwa hotspoti ya simu ya mume wangu, kisha mume wangu akaondoka na hiyo simu kwenda Masakta kuvuna mahindi, akaniachia kitochi cha kupigia tu. Kabla ya kuondoka alisema, "Mwaka huu ukikosa, tuache hizo habari, tulime." Alisema kwa upole kabisa. Ule upole ndio ulioniudhi.

Kwa hiyo ile ruta, hata kama ilikuwa kwake, niliisubiri kama mvua. Mama mkwe aliniletea neno la siri kwenye karatasi. Nikawasha laptop, nikasubiri ilie ilie mpaka ikaamka, nikafungua orodha ya mitandao. Mtandao wa shule ya msingi kule ng'ambo ulikuwepo, hafifu. Wa kwetu haukuwepo.

Nikaizima, nikaiwasha. Nikasukuma ile swichi ya ubavuni, taa ya buluu ikawaka. Nikafuta mitandao yote ya zamani niliyowahi kuihifadhi. Nikavuta kitanda nikaisogeza laptop hadi pale waya ulipofika, karibu na dirisha. Mtandao wa shule ukapanda kidogo. Wa kwetu, hakuna.

Mama mkwe aliporudi kuchukua bakuli nilimwuliza kama simu ya shemeji inapata.

"Inapata mpaka zizini," alisema.

"Basi amenifungia, mama."

"Nani?"

"Mkwe wako wa diploma. Wanaweza kuficha jina la mtandao mtu mwingine asilione. Nimesoma sekondari, najua."

Alikaa kitandani akamfunika mtoto miguu. "Kwani mtandao una mlango?"

"Unao."

"Mimi nimeona kidude cheupe kina pembe nne, nikakifunika kisipate vumbi."

"Umekifunika na nini?"

Akawa kama anafikiri kama aseme. Alikifunika na kitambaa changu cha kufuma, cha maua ya njano. Nilikifuma mimba ikiwa na miezi saba, miguu imevimba, nikampa yeye kwa ajili ya redio yake. Sasa kilikuwa kimelala juu ya ruta ya mwanamke mwingine.

"Nenda ukaniletee kitambaa changu," nilimwambia.

"Mwanangu, zawadi hairudishwi."

Siku hiyo nikashinda na hasira, na hasira haijazi fomu.

Ijumaa saa nane mchana bado sikuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na kwenye ukungu huo nikamwona mke mwenzangu anapita na laptop yake mkononi, imewaka, anacheka na mtu aliyekuwa kwenye kioo. Anatembea na intaneti kama mtu anayetembea na kuku wake. Nikashindwa.

"Wewe," niliita kupitia nondo za dirisha. "Ukitaka kunifungia, nifungie, lakini uniambie usoni."

Akasimama. Akamuaga yule wa kwenye kioo, akasogea hadi ukutani.

"Nikufungie nini, dada?"

"Mtandao. Mbona mimi tu siuoni?"

"Kwenye simu?"

Mtoto alikuwa amelala, sikuwa hata na wa kumsingizia. Nikaivuta ile kanga. Aliitazama laptop yangu kupitia wavu wa mbu, muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Kumbe una laptop," alisema.

"Ninayo. Umeshaiona. Cheka sasa."

"Nicheke nini? Hiyo aina ndiyo niliyosomea chuo, ya kuazima. Ilikuwa inashika mtandao gani?"

"Hotspoti ya shemeji yako. Na ninauona wa shule."

"Basi kadi yake ya mtandao ni nzima. Ngoja nitoe kile kitambaa cha mama, labda."

"Ni changu."

"Nini?"

"Kitambaa. Nimekifuma mimi."

"Mama aliniambia kimetoka Arusha," alisema, akashuka mbio. Akarudi. Kitambaa kilitoka, mtandao haukuja. Saa tisa ilikuwa imepita.

Ndipo akafungua ukurasa wa mipangilio ya ruta kwenye laptop yake, amesimama pale nje, mashine ameilaza kwenye mkono kama mtoto, matone ya ukungu yanamdondokea kwenye kilemba. Akawa anasoma kwa sauti. Ruta ile ilikuwa inaweza kurusha mawimbi ya aina mbili: ya zamani, ya polepole lakini yanayofika mbali, na mapya yenye kasi. Mapya yalikuwa yamewashwa. Ya zamani yalikuwa yamezimwa.

"Mashine yako inajua ya zamani tu," alisema. "Haya mengine ni kama hayapo kwake."

"Nani aliyazima?"

"Fundi."

"Kwa nini?"

Akafuta kioo cha laptop yake kwa kiganja. "Aliuliza kama hapa nyumbani kuna kifaa chochote cha zamani, ayaache. Nikamwambia hakuna." Akanitazama. "Sikujua, dada. Hujawahi kunionyesha."

Nilikuwa nimejiandaa siku mbili kumtukana, maneno nilikuwa nimeyapanga kama kuni. Nikaikunja kanga, nikaikunja tena, ikawa ndogo kabisa.

"Washa basi," nilimwambia.

Akawasha. Ruta ikajizima kwanza, na kwake kila kitu kikakatika. Tukasubiri. Kisha kwenye orodha yangu likatokea jina, juu ya lile la shule, pau zimejaa. Niliandika neno la siri. Lilikuwa na A tatu, nikabonyeza kimpira mara tatu. Likakubali.

Fomu ilifunguka mstari kwa mstari. Nikapakia cheti cha kidato cha nne, kikagoma, nikapakia tena. Saa kumi na nusu nilibonyeza pa kutuma.

"Imeenda?" aliuliza. Bado alikuwa palepale nje.

"Imeenda."

Mtoto akaanza kulia, nikashukuru Mungu, nikavuta pazia. Asante sikumwambia.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi nilikuwa naangalia kama mawimbi ya zamani bado yapo, nikitumaini kidogo ameyazima ili hasira yangu ipate pa kukaa. Yalikuwepo kila asubuhi.

Siku zangu zilipoisha, majina ya waliochaguliwa yalitoka wiki hiyo hiyo. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaibeba laptop mchana kweupe, bila kanga, nikapita mbele ya mama mkwe, "Shikamoo mama," nikaingia kwenye ile sebule. Nikachomeka waya. Mke mwenzangu alikuwa kwenye jiko la pembeni, ananikaangia samaki wakavu wa ziwa la kwao Basotu, ambao mama mkwe mpaka leo hali. Laptop yake ilikuwa mezani, imefungwa. Ruta haikuwa na kitu juu. Kitambaa changu kilikuwa kimefuliwa, kimekunjwa, kimewekwa upande wangu wa kiti.

Orodha ikaanza kushuka, jina kwa jina, kwa mwendo ule wa mashine yangu. Yeye alikuwa anageuza samaki walioiva kitambo, hataki kunitazama. Hapo nikajua. Alikuwa ameshaifungua kwenye yake, ameshalisoma jina langu, akaifunga laptop ili nilione kwenye ya kwangu.

Nikalifikia. Lilikuwepo.

"Umeona?" aliuliza, bado amenipa mgongo.

"Nimeona," nilisema. Na hata hapo, machozi yakinitoka, nilimwonea wivu kwamba alijua kabla yangu.