Mchanga Kabla ya Mvua

Juzi ndani ya basi la Kilburn, hapa London, mwanamume mmoja wa kwetu alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo, akichungulia mawingu. Mkewe alikuwa kando yake, mfuko wa sukuma wiki mapajani; mimi nilikaa nyuma yao.

"Leo tumetoboa matundu kwenye nyasi za uwanja wa gofu, zipate hewa kabla ya baridi," mume alimwambia. "Nikamwaga mchanga wa kuyajaza. Mvua ikija kabla sijaufagia ukaingia matunduni, utagandamana juu na nyasi zitaoza."

"Si ungefagia?"

"Ulikuwa na unyevu. Nikauacha ukauke, zamu ikaisha."

"Baba watoto, hizo ni nyasi, si mahindi!"

"Mahindi yangu yakioza, nani atanifuta kazi? Na bado niko kwa majaribio."

Tone likagonga kioo. Akalifuta kwa kiganja, huku liko nje. Kisha akabonyeza kengele, akashuka, akakimbilia kituo cha upande wa pili.

"Anarudi kufagia," mkewe akaniambia, akiukumbatia ule mfuko.

Kwetu nyasi ni za ng'ombe, na ng'ombe hamfukuzi mtu kazi. Lakini mvua ilipomwagika, nilikumbuka mchanga wake kabla ya nguo zangu kambani.