Nilivyokwenda Kakuma Kuchungulia Kondoo wa Esperansi

Sikwenda Kakuma kusalimia mtu. Nilikwenda kwa wivu, na afadhali niseme hivyo mapema. Mwaka 2012 nilikuwa nalisha kondoo sita wa majaribio hapa Lodwar: nyasi kavu pamoja na ngitit, yale maganda ya mgunga yanayopendwa na mifugo wetu. Kazi yangu ilikuwa kupima wanachokula, kupima kinyesi chao, ndipo tujue tumbo limebakiza kiasi gani. Kakuma, mkimbizi wa Kongo aitwaye Esperansi alikuwa na kondoo sita na chakula kilekile. Wake walinenepa. Wangu walimaliza kila kitu na mbavu zikabaki nje. Mtaalamu aliyesimamia majaribio alisema kimoja kati ya vituo vyetu viwili kitafungwa, na kila akija alimsifu Esperansi mpaka nikalichukia jina lenyewe.

Alfajiri ya safari, nyumbani kwetu Nawoitorong, hapa Lodwar. Mama yangu, ambaye ndiye aliyeniokotea ngitit, alinikuta nafunga begi.

"Unaenda kwa yule wa Kakuma?"

"Naenda kuona anavyodanganya."

"Hizo ngitit, mimi nilikuambia tangu siku ya kwanza..."

"Mama, hii ni kazi ya vipimo."

Akanimiminia chai.

Njiani nilipanda lori la mahindi. Vumbi lilituingia hadi kwenye meno, nami nilikuwa napanga mashtaka: anawaongezea unga kwa siri, au mizani yake mbovu.

"Dada, umekunja uso tangu Lodwar," dereva akasema. "Nani amekufa?"

"Bado hakuna."

Saa saba mchana, Kakuma. Esperansi alitoka bandani na kitenge kiunoni, akanisalimia "Ejok" kwa Kiturkana safi, na hilo pia likaniudhi. Kondoo wake walikuwa na migongo ya mviringo. Nikajifanya nastaajabia banda, kumbe nakagua. Mizani ilikuwa sawa na yangu. Stoo haikuwa na unga hata chembe.

Nikafungua mfuko wa kinyesi uliofungwa nyuma ya kondoo mmoja, nikavunja punje kwa vidole. Kinyesi cha kondoo wangu hujaa mbegu za ngitit, nzima na ngumu, na kila siku nilizitupa bila kuziwazia. Hiki kilikuwa laini.

"Mbegu ziko wapi?" nikauliza.

"Ziko ndani ya kondoo," akacheka, akanionyesha kinu. "Mi natwanga kwanza. Mbegu nzima inapita tu, tumbo haipati kitu."

"Nani alikufundisha?"

"Mama moja mufupi wa Lodwar, ako na kovu ya moto hapa kwa mukono. Alileta magunia ya ngitit, akaona nalisha nzima, akanicheka. Tulitwanga pamoja mpaka jioni, yeye anaimba." Akapangusa mchi. "Alisema ako na binti musomi, lakini huyo haambiwi kitu."

Kovu lile nalijua. Mama aliungua akinipikia uji nikiwa mdogo. Nikaomba maji ya kunywa, nikanywa polepole ili nisiongee. Wivu wa kondoo haukuniuma tena. Kilichoniuma ni ile jioni, kwamba mgeni amekaa na mama yangu kwenye kinu akamsikiliza, na mimi sikuwahi.

Kesho yake nilirudi Nawoitorong. Mama alikuwa anachambua maganda.

"Naomba kinu chako," nikasema.

"Cha nini? Si ni kazi ya vipimo?"

"Nifundishe, mama."

Akanipa mchi. Nikamwambia kwamba Esperansi anamsalimu.

"Yule mtoto anasikia," akasema. Roho ikaniuma upya, nikatwanga.

Wiki chache baadaye mbegu zilitoweka kwenye kinyesi na kondoo wangu wakaanza kujaa, lakini nilikuwa nimechelewa. Mwaka 2013 kituo changu ndicho kilichofungwa, wanyama wakapelekwa kwa Esperansi. Nilijifunza kwamba anachokula kondoo si kile anachobaki nacho, na mtu ni vivyo hivyo na anachoambiwa. Mama bado anapeleka magunia Kakuma. Akichelewa kurudi najua wanatwanga wakiimba, na wivu wangu haujaisha.